Tola Moja

Kila Jumamosi natenga elfu tano,
bei ya samaki ambaye hatapikwa kwangu.
Mke wangu Mkasi anajua. Husema:
wako wanaume wanaoficha wake wa pili,
wangu anaficha wafalme waliokufa
ndani ya mkebe wa biskuti.

Nilianza na simba.
Shilingi ya simba, ya mkoloni,
robo yake ni fedha, robo tatu ni ahadi.
Ndiyo saizi ya karani wa mizani,
kituo cha karafuu, Mtambile,
ambaye msimu ukipita anahesabu magunia matupu.
Simba wa elfu mbili. Simba wa elfu tatu.
Mmoja kachubuka ubavu: aliwahi kuwa bisibisi ya redio.

Riale siwezi.
Riale ya Shamu, yule bibi wa kizungu mwenye kifua cha mto wa sufi,
Mjini wanamuuza kwa wageni,
na nusu yao ni bati lililopakwa heshima.
Nimejifunza kuwajua wa kweli bila kuwanunua:
unaiweka sarafu kwenye ncha ya kidole,
unaigonga kwa nyingine, unatega sikio.
Fedha hulia ndefu,
kama jina linaloitwa kutoka shamba la pili.
Bati husema ta, likanyamaza.
Wauzaji hawanipendi. Nasikiliza bure.

Mwenye pesa hutaka uso safi, herufi zote, ndevu zote.
Mimi nauliza: ipo iliyotobolewa?
Maana zamani rupia haikulala mfukoni tu,
ilivishwa mtoto shingoni,
na tundu moja la msumari hushusha bei kwa nusu.
Kwa tundu hilo ndipo naingia mimi.

Pragji, sonara wa Chake, huniwekea.
Mimi napima gunia, yeye anapima pumzi.
Rupia ni tola moja, husema, tola moja ni rupia,
dunia iliwahi kuwa nyepesi hivyo.
Zisizo na mtu zinaingia chunguni,
zinatoka kikuku, kipini, pete ya bwana harusi wa Vitongoji.

Machi nilimkuta Bi Mcha mbele ya kioo cha duka,
kafungua pindo la kanga:
rupia moja, tundu, uzi mweusi umekwama ndani yake.
Pragji akapima. Tola kasoro.
"Kasoro ya nini?"
"Imelika, mama."
"Haikulika. Ililiwa.
Aliyeivaa alikuwa anaota meno."
Akaigeuza. Ukingoni, alama mbili, ndogo kuliko punje ya mchele.
Sijui kama fedha hukubali jino la mtoto.
Sikuuliza.
Naye hakusema yuko wapi sasa huyo wa meno.
Alitaja dawa ya presha, na nauli ya Kengeja.

Bei ya chungu: elfu kumi na nane.
Nilikuwa na kumi na tano, na nauli yangu.
Nilirudi Mtambile juu ya lori la mchanga.

Usiku nikachana karatasi ya daftari la kituo:
Bi Mcha, Kengeja. Bei ileile. Haina riba.
Mkasi akasoma begani mwangu.
"Sasa huu ni mkusanyo, au rehani?"

Habari haina miguu, lakini ilifika Kengeja, ikafika Chambani.
Wakaja na pindo zao.
Faki aliikomboa yake kabla ya harusi ya binti.
Zuwena alileta pishi mbili za karafuu;
sheria naijua, nikazikataa,
nikapokea mkungu wa ndizi.
Mkebe una vikaratasi vingi kuliko sarafu,
na simba wangu kumi na mmoja, ambao hakuna anayewadai.

Bi Mcha hajaja.
Jana niliitoa ile ya meno,
nikaiweka kidoleni, nikaigonga.
Haikulia. Tundu hukata sauti.
Ilisema ta, ikanyamaza.
Kwa kipimo changu mwenyewe, ni bandia.
Nikairudisha juu ya jina lake.